Abu Ubaida bin Al-Jarrah: je, alikuwa mcha Mungu tu, au jemadari?

Swali: Assalaam alaykum, ustadh. Juzi baada ya darsa la Magharibi tulibishana na mwenzangu. Yeye anasema Sayyidna Umar alimuuzulu Khalid bin Al-Walid kwa kinyongo cha zamani, akalitia jeshi la Sham (nchi ya Syria na jirani zake) mikononi mwa Abu Ubaida, ambaye alikuwa mcha Mungu mkubwa lakini si mtu wa vita. Nilikosa la kumjibu. Je, Abu Ubaida alikuwa jemadari wa kweli? Na kama alikuwa mtiifu kama anavyosifiwa, mbona Khalifa alipomwita atoke kwenye nchi ya tauni alikataa?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Mwenzako amekosea, ila mweleze kwa upole, maana kosa lake ni la wengi. Tumezoea kumpima jemadari kwa upanga wake. Khalid alivunjikiwa na panga tisa mkononi siku ya vita vya Mu'ta, na kwa kipimo hicho hana mshindani. Abu Ubaida mwenyewe asingethubutu kushindana naye. Lakini jeshi linakula, linachoka, linagombana, linaweka ahadi na raia wa miji linayoingia, na lazima ijulikane nani anamsikiliza nani. Katika mambo hayo Abu Ubaida alikuwa bingwa, na ushahidi wake upo miaka mingi kabla Umar hajashika ukhalifa.

Jina lake hasa ni Amir bin Abdullah bin Al-Jarrah, Mkureshi wa ukoo wa Al-Harith bin Fihr. Alisilimu mwanzoni kabisa kupitia kwa Abu Bakr, na ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Alikuwapo Badr na Uhud. Utasikia mimbarini kwamba huko Badr alimuua baba yake mzazi aliyesimama upande wa washirikina. Kisa hicho kimeandikwa, lakini mwanahistoria Al-Waqidi alikikataa, akasema baba yake alikufa kabla ya Uislamu kuja. Mimi sikitumii ninapofundisha. Mtu huyu ana sifa nyingi zilizothibiti, hatuna haja ya kumtafutia nyingine.

Cha Uhud kimepokewa na Abu Bakr. Mtume (s.a.w.) alipigwa usoni hata pete mbili za chuma za kofia yake ya vita zikazama shavuni. Abu Bakr akasogea ili azichomoe, Abu Ubaida akamwomba kwa jina la Allah amwachie yeye. Hakutaka kuzivuta kwa mkono asije akamuumiza Mtume, akaing'ata pete ya kwanza kwa meno, ikatoka na jino lake la mbele likang'oka. Akaing'ata ya pili, nalo jino la pili likaenda. Sisi Waswahili huusifu mwanya, pengo hatulisifu, lakini masahaba walisema hawajapata kuona mtu ambaye pengo limempendeza kama Abu Ubaida.

Sasa njoo kwenye uongozi. Wengi katika wanachuoni wa sira wanautaja mwaka wa 8 Hijria kuwa mwaka wa msafara wa pwani ya Bahari ya Shamu, ingawa wapo wanaousogeza nyuma. Mtume alimpa Abu Ubaida watu 300 na mfuko wa tende. Jabir bin Abdillah, aliyekuwa miongoni mwao, ndiye aliyetusimulia, na maneno yake yamo katika Bukhari na Muslim. Posho ilipoanza kupungua, Abu Ubaida aliamuru kila aliyebaki na chochote akilete, vyote vikachanganywa pamoja, kisha akawa anawagawia kidogo kidogo, mpaka ikafika tende moja kwa mtu kwa siku. Jabir aliulizwa, tende moja iliwafaa nini? Akajibu kwamba thamani yake waliijua ilipokwisha. Walikuwa wakiimumunya kama mtoto, kisha wanashushia maji. Ilipokwisha wakawa wanapiga miti kwa fimbo, majani yakianguka wanayalowesha wanakula. Ndiyo maana jeshi lile likaitwa Jeshi la Khabat, yaani la majani ya kupukutisha.

Nataka utazame kitu kimoja hapo, kwa sababu wasimuliaji hukikimbia ili wamfikie nyangumi. Katika kikosi kile alikuwamo mtu mkarimu, anayetajwa kuwa Qais bin Saad bin Ubada. Alipoona watu wana njaa alichinja ngamia watatu, kisha watatu wengine, kisha watatu tena. Abu Ubaida akamzuia. Hebu fikiri: watu wanakula majani, nyama ipo, na amiri anasema basi. Ngamia ndiye atakayewarudisha nyumbani. Amri kama hiyo haimpatii mtu mashairi ya sifa, na kijana mwenye kupenda kupendwa asingeweza kuitoa.

Ndipo bahari ikawatupia mnyama mkubwa mfano wa kilima, Waarabu wakimwita anbar, neno lile lile tulilopata kwalo ambari ya wavuvi wetu. Abu Ubaida kwanza alisema, "Huyu ni mzoga." Kisha akarejea akasema, "Hapana, sisi ni wajumbe wa Mtume wa Allah, tuko katika njia ya Allah, nanyi mmefikwa na dharura. Kuleni." Wakala, wakanenepa. Watu 13 walikaa ndani ya tundu la jicho lake, na ubavu wake uliposimamishwa ngamia mrefu kuliko wote alipita chini. Waliporudi Madina, Mtume aliwaambia hiyo ni riziki aliyowatolea Allah, akauliza kama wamebakisha nyama naye aonje. Walimpelekea, akala. Tazama alivyofikiri amiri huyu: alianza na katazo analolijua, akaiangalia hali ya watu wake, akabadili hukumu hadharani bila kuona haya.

Mwaka huo huo wa 8 likatokea la msafara wa Dhat as-Salasil, na ningekuwa na nafasi ya kumweleza mwenzako jambo moja tu, ningemweleza hili. Amr bin Al-As alikuwa amesilimu mwezi wa Safar, pamoja na Khalid. Mnamo Jumada ya pili, kama miezi minne baadaye, Mtume alimtuma kaskazini na watu 300. Amr akaona adui ni wengi, akaomba msaada. Mtume akamtuma Abu Ubaida na watu 200, miongoni mwao Abu Bakr na Umar, akamuusia: wewe na Amr msihitilafiane. Walipokutana, Amr akasema yeye ndiye amiri wa wote, kwani hawa wengine wamekuja kumsaidia tu. Muhajirina, yaani waliohama Makka kwenda Madina, hawakuridhika. Mtu aliyesilimu jana awaswalishe kina Abu Bakr? Abu Ubaida, ambaye alikuwa Mwislamu tangu siku za mateso ya Makka, akamwambia Amr: Mtume ameniusia tusihitilafiane, na wewe ukinikaidi, mimi nitakutii. Amr akawaswalisha wote.

Wapo wanaosoma kisa hiki wakaona udhaifu. Mimi naona jemadari aliyelitazama jeshi la watu 500 katika ardhi ya adui, akajua kwamba likigawanyika mara mbili usiku ule, asubuhi hakuna jeshi. Usia alioubeba ulikuwa wazi, naye akautekeleza kwa gharama ya cheo chake mwenyewe.

Katika Ramadhani ya mwaka huo Makka ikafunguliwa. Muslim amepokea jinsi Mtume alivyopanga majeshi: ubavu mmoja kwa Zubair, ubavu mwingine kwa Khalid, na Abu Ubaida akapewa wale wasio na deraya, waendao kwa miguu, wakapita bondeni. Na ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipomwomba Mtume awapelekee mtu mwaminifu, masahaba walinyoosha shingo kila mmoja akitumaini ataitwa yeye. Mtume akasema, "Simama, Abu Ubaida," kisha akasema huyu ndiye mwaminifu wa umma huu. Siku ya Saqifa, pale watu walipokutana kumchagua kiongozi Mtume alipofariki, Abu Bakr aliwashika mkono Umar na Abu Ubaida akawaambia watu wachague mmoja katika wawili hawa. Kwa hiyo asemaye kwamba Umar alimwokota mcha Mungu mmoja akampa jeshi, hajui alikuwa nani.

Twende Sham. Mwaka wa 13 Hijria, yaani 634, Abu Bakr alituma majeshi manne: la Abu Ubaida, la Yazid bin Abi Sufyan, la Shurahbil bin Hasana na la Amr bin Al-As. Warumi walipokusanya nguvu kubwa, akamhamisha Khalid kutoka Iraq aje awe juu ya wote. Ikapiganwa Ajnadain, Warumi wakavunjika. Abu Bakr akafariki Jumada ya pili ya mwaka ule, Umar akashika, na barua yake ikaja: Khalid ameondolewa kwenye ukuu, jeshi ni la Abu Ubaida.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili yaliyopishana kwa miaka minne. Mwaka wa 13 Khalid aliondolewa kwenye amri kuu tu. Alibaki Sham akiongoza wapanda farasi chini ya Abu Ubaida. Kuondolewa kabisa kulikuja mwaka wa 17, baada ya Khalid kumpa Al-Ash'ath bin Qais zawadi ya dirhamu 10,000, na Umar akataka kujua zimetoka mali gani.

Kuhusu kinyongo, Khalid na mama yake Umar walikuwa watoto wa ndugu wawili wa Bani Makhzum. Ni watu wa damu moja. Umar alitaka amiri asitoe mali ya Waislamu bila kumrejea, na Khalid alizoea kugawa kwa uamuzi wake. Alipomuuzulu mara ya pili, Umar aliwaandikia watu wa miji kwamba hakumwondoa kwa hasira wala kwa hiana, ila watu wamefitinika naye, akahofu wasije wakamtegemea yeye wakasahau kwamba mtendaji ni Allah. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuuona mkali. Mimi nauona mkali, hasa namna ulivyotekelezwa. Lakini Khalid alipofariki mwaka wa 21, wasia wake aliuacha mikononi mwa Umar. Mtu haachi wasia wake kwa anayemchukia.

Na Abu Ubaida alifanyaje barua ya kwanza ilipomfikia? Ibn Is'haq anasema aliona haya kumsomea Khalid barua ile mpaka Damascus ilipofunguliwa. Zipo riwaya zinazosema ilikuwa Yarmuk. Vita vilikuwa katikati, askari walikuwa wanamfuata Khalid, naye akawaacha wamfuate. Khalid alipojua, aliwaambia watu: ametumwa kwenu mwaminifu wa umma huu, nimemsikia Mtume akisema hivyo. Abu Ubaida akajibu: nami nimemsikia Mtume akisema Khalid ni upanga katika panga za Allah, na kijana bora alioje wa jamaa zake. Imam Ahmad ameipokea hiyo katika Musnad. Nimeirudia mara nyingi katika darsa na bado inanigusa, maana wale wawili walikuwa na kila sababu ya kugombana, na nyuma yao kulikuwa na maelfu wenye silaha ambao wangechukua upande.

Sitaki umsafishe kupita kiasi, hata hivyo. Mwaka wa 17, Khalid aliposimamishwa mbele ya watu kuhojiwa kuhusu zile dirhamu, Abu Ubaida alikaa kimya, hakusema lolote. Bilal ndiye aliyesimama, akamvua Khalid kilemba na kumuuliza. Na kwa muda hata baada ya hapo Abu Ubaida hakumwambia Khalid waziwazi kwamba ameuzuliwa. Wanaompenda wanaita hilo heshima. Yawezekana, lakini Khalid alistahili kuambiwa na rafiki yake kwa mdomo wake.

Katikati ya miaka hiyo ndipo ilipokuja Yarmuk, Agosti 636. Kabla yake habari zilifika kwamba Heraklio, mfalme wa Warumi, amekusanya jeshi kubwa mno. Waislamu walikuwa wameshaingia Hims, mji wa Sham, na wamepokea kodi kwa ahadi ya kuwalinda wenyeji. Sasa ilibidi warudi nyuma wakusanyike kusini. Baladhuri na Abu Yusuf wanaeleza kwamba kodi ilirudishwa kwa wenyewe. Waliambiwa: tumeshughulika, hatuwezi kuwalinda, jiangalieni wenyewe. Nani asiyejua jeshi linalorudi nyuma hufanya nini? Hubeba kila kinachobebeka, linaacha moto nyuma yake. Hawa walifungua hazina wakahesabu fedha kurudisha, vita vikubwa kuliko vyote vikiwa mbele yao. Watu wa Hims wakasema utawala wenu na uadilifu wenu tunaupenda kuliko dhuluma tuliyokuwa nayo, na Mayahudi wa mji wakaapa kwa Taurati kwamba liwali wa Heraklio hataingia Hims ila wawe wameshindwa kwanza. Wakafunga milango wakailinda.

Kumbuka kwamba hii pia ni mbinu ya vita. Mji uliorudishiwa fedha zake haukuwapiga mgongoni, na baada ya ushindi uliwafungulia milango. Siku ya vita yenyewe, kwenye magenge ya mto Yarmuk ambapo leo Syria na Jordan zinapakana, Khalid ndiye aliyewazungusha wapanda farasi, na Abu Ubaida alimwachia. Mkubwa anayeweza kumwachia uwanja aliye hodari kuliko yeye, na bado amri ikabaki kuwa yake, ni adimu katika jeshi lolote.

Umar alipozuru Sham alimwambia Abu Ubaida, "Nipeleke nyumbani kwako." Alipoingia hakuona ila upanga, ngao na tandiko la ngamia. Akamuuliza mbona hakujiwekea vyombo kidogo. Abu Ubaida akasema hivi vinatufikisha kwenye mapumziko. Huyu alikuwa mtawala wa Sham yote, na Damascus ilikuwa chini yake. Umar alisema dunia imetubadilisha sote isipokuwa wewe.

Nimefika kwenye tauni, nawe utaona ni mtu yule yule. Mwaka wa 18 Hijria, 639, ugonjwa ulizuka Amwas, huko Palestina, ukaenea Sham. Umar alikuwa njiani kwenda huko, amefika Sargh, mpakani mwa Sham, makamanda wakampokea na habari. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida akamuuliza, "Unakimbia kadari ya Allah?" Umar akasema, "Laiti angelisema mwingine, Abu Ubaida! Ndiyo, tunaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah." Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wenye malisho na upande mkavu: akilisha huku au akilisha kule, kote ni kwa kadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi: mkisikia tauni iko katika nchi msiiendee, na ikitokea nchini mlimo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi.

Baadaye Umar alimwandikia barua: nimepatwa na haja ninayotaka kuzungumza nawe ana kwa ana, ukiisoma barua hii usiiweke chini kabla hujatoka kuja kwangu. Abu Ubaida aliifahamu haja ile. Akasema Allah amsamehe Amiri wa Waumini, anataka kumbakisha asiyebaki. Akaandika: nimeijua haja yako, mimi nimo katika jeshi la Waislamu, sioni nafsi yangu kuwa bora kuliko wao, basi nifungue katika amri yako uniache na jeshi langu. Umar alipoisoma alilia, watu wakauliza, "Abu Ubaida amekufa?" Akasema hapana, lakini ni kama amekwisha kufa.

Basi hakuasi. Aliomba afunguliwe, kwa hoja mbili: ile hadithi ya kutotoka, na kwamba ni amiri. Askari aliyetoroka peke yake ni mtu mmoja aliyetoroka; amiri akiondoka na kuwaacha watu wake kwenye ugonjwa, amewafundisha kila mmoja kujitafutia njia. Na dalili kwamba hakuwa mkaidi ni hii: Umar akaandika tena, safari hii kuhusu jeshi zima, kwamba umewashusha watu katika ardhi ya bondeni yenye unyevu, wapandishe kwenye ardhi ya juu yenye hewa safi. Hiyo Abu Ubaida aliitii mara moja. Alimwita Abu Musa Al-Ash'ari amtafutie watu mahali pa kupiga kambi. Abu Musa akarudi nyumbani akakuta mkewe ameshikwa. Abu Ubaida akaagiza aletewe kipando aende mwenyewe, na alipotia mguu kupanda, naye akashikwa.

Alifariki akiwa na miaka 58, hakuacha kizazi. Kaburi lake linazuriwa mpaka leo katika bonde la Jordan, karibu na Deir Alla. Miaka mitano baadaye, Umar alipochomwa kisu na kuulizwa nani awe khalifa baada yake, alisema kama Abu Ubaida angekuwa hai angemteua yeye, na Mola wake akimuuliza angemjibu: nimemsikia Mtume wako akimwita mwaminifu wa umma huu.

Baada yake jeshi lilimpata Muadh bin Jabal, naye tauni ikamchukua. Kisha likafika kwa Amr bin Al-As, yule yule aliyewaswalisha Dhat as-Salasil. Amr alisimama akawaambia maradhi haya yakiingia huwaka kama moto, basi jikingeni nayo milimani. Mmoja wa masahaba akampinga hadharani kwa maneno makali. Amr hakumjibu kwa ukali wala hakurudi nyuma. Akatoka na watu, wakatawanyika vilimani mpaka Allah akaiondoa tauni. Habari ilipomfikia Umar, hakuikataa.